Mfungo wa Wakili

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, lakini mtaa mzima unamwita Wakili. Jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia kola imekaa vibaya, atakufungulia daftari la vipimo, atakupima upya mbele ya watu, na mwishowe utaomba radhi kwa kuwa na shingo.

Tunashona katika chumba kimoja. Mimi nakata vitambaa, yeye anaunganisha. Kwaresima ilipoanza aliniambia amefunga. Nikamwamini mpaka saa nne asubuhi, alipojimiminia chai ya maziwa na kupaka mkate siagi nene kama godoro.

"Wifi, si umefunga?"

"Nimefunga."

"Na hiyo?"

"Hii ni chai."

Tangu hapo sikutulia. Nikaanza kumchunguza. Sukari, vijiko vitatu kama kawaida. Nyama hakuacha. Simu hakuacha. Siku ya tano muuguzi mmoja alirudisha gauni akidai linambana kiunoni. Mimi na wifi tulikumbuka kwamba ni muuguzi mwenyewe aliyeng'ang'ania libane. Nikaweka mkasi chini nisipitwe na kesi.

"Liache, nitalilegeza," Wakili akasema.

Basi! Nilimkodolea macho kama mtu aliyemwona kuku akipiga mswaki.

Wiki iliyofuata akaja mwalimu wa kwaya kuchukua majoho kumi na mawili. Alijaribu moja, mikono ikaishia karibu na kiwiko. Mikono ile niliikata mimi, nikiongea na simu, nikasoma namba ya mstari mwingine daftarini.

"Unajiita fundi?" mwalimu akamfokea Wakili. "Umeharibu kitambaa cha kanisa!"

Daftari lilikuwa chini ya kiwiko cha Wakili. Angelifungua tu, kesi ingeisha. Hakulifungua. Wala hakunitazama.

"Pole sana, mwalimu. Tupe siku tatu, tutarekebisha."

Mwalimu alipoondoka nilibaki nimeshika kichwa. "Wifi, mbona hukumwambia?"

"Nimefunga kujitetea," akasema, akianza kufumua mshono. "Kila mwaka nilikuwa naacha nyama, na kila mwaka naona raha kuiacha. Mwaka huu nikajiuliza: Bwana anaposema mtu ajikane mwenyewe, kwangu mimi huyo mwenyewe ni nani? Nikagundua hakai tumboni. Anakaa hapa." Akagusa ulimi wake.

"Lakini umebeba kosa langu. Huo si uongo?"

"Nimesema pole, na nimesema tutarekebisha. Uongo uko wapi?" Akacheka kidogo. "Halafu nimefunga mdomo wangu mimi. Wa kwako sijaugusa."

Maneno hayo hayakuniacha. Nilikuwa nimetumia siku kumi na mbili kuchungulia sahani ya mwenzangu, na sikuwahi kujiuliza ni nini mimi ningeshindwa kuacha. Sasa nililiona bila kutafuta: kujificha. Mbele ya yule mwalimu nilisimama nyuma ya meza, kimya, kana kwamba nimekuja kununua vifungo.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata mwalimu kanisani, kwenye chumba cha mazoezi. Alikuwa anapanga viti.

"Mwalimu, ile mikono nilikata mimi. Wifi yangu aliandika vipimo sawasawa."

Akaduwaa, na kiti mkononi. "Sasa yeye alinyamazia nini? Wakili?"

"Muulize mwenyewe."

Mchana alikuja chumbani kwetu, akamwomba Wakili msamaha mbele ya wateja wawili. Wakili akamkaribisha kiti, akamwonyesha jinsi tulivyorefusha mikono kwa kitambaa cheupe, kama pindo pana. Mwalimu akapenda, akasema majoho hata yamependeza kuliko alivyoagiza.

Alipotoka, nilitegemea kumwona wifi yangu akifurahi. Badala yake alikaa, sindano mkononi.

"Unajua nilivyosikia raha alipoomba msamaha?" akaniambia. "Nilitamani wateja wawe kumi. Kumbe huyo mwenyewe niliyedhani nimemnyima chakula ameshiba!"

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Labda siku arobaini hazimtoshi." Akanitazama. "Na wewe, kwenda kule kulikuwaje?"

Nikamwambia ukweli: niliogopa mpaka mlangoni, na nilipotoka nilikuwa mwepesi, nikapita njia ndefu kurudi, bila sababu. Akataka nimweleze zaidi. Akasogeza kiti karibu, akaegemeza kidevu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika familia ile nikaongea mpaka nikamaliza.