Kompyuta Iliyonukia Udi

Siku ya harusi, ya kutolewa kwake kwenda ukumbini, Kadzo aliketi kitandani na hina yake na dhahabu yake, akasema hapandi gari lolote ila la baba.

"La baba limezima leo asubuhi pale Feri, watu wote wanaona," nikamkumbusha.

"Basi na liwashwe."

Kadzo ni wifi yangu, kitinda mimba kwao. Marehemu baba yao aliponunua lile gari, vani nyeupe yenye mlango wa kuburuza, alimwambia Kadzo, naye yuko darasa la saba, kwamba ndilo litakalompeleka ukumbini siku yake. Mzee alitutoka mwaka jana. Gari likabaki, na ahadi ikabaki nalo. Lakini tangu harusi ilipoanza kutajwa, lilikuwa limeingiwa na vituko: likiwa baridi lawaka vizuri, likipata moto lakohoa na kuzima, likipoa lawaka tena kama lisilojua kosa lake.

Asubuhi hiyo lilitoka kuchukua wageni Likoni. Likapanda mlima wa Feri, na juu kabisa, magari yote ya feri yakiwa nyuma yake, likazima. Muuza korosho mmoja akainama dirishani, akamwambia mume wangu, Kingi, "Bwana, ikiwa walala hapa, nikuletee mto?"

Sasa lilikuwa mlangoni petu, kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, na Kiti, fundi wetu, alikuwa amelala kifudifudi ndani yake, miguu nje. Plagi alishabadilisha. Pampu ya petroli alishabadilisha.

"Kilichobaki ni kompyuta," akasema.

"Gari hili lina kompyuta?" Kingi akashangaa.

"Iko chini ya kiti cha abiria. Ndiyo inayoamuru petroli na moto."

"Kumbe! Ndiyo maana siku zote lanishinda akili."

Kiti akachomoa kisanduku cha bati, ukubwa wa mkebe wa biskuti, akafungua skrubu. Ndani mlikuwa mmeungua, rangi ya ukoko wa wali. Akakileta puani. Akanitazama. "Mama, hebu nusa."

Nikanusa. Udi. Tena si udi wa dukani. Ule wa kupika kwa sukari na marashi, ambao mjini petu aupika mtu mmoja tu, naye ni mama mkwe wangu, Bi Mejumaa.

Hapo tukaelewa sote kwa pamoja. Miezi hii ya harusi, Bi Mejumaa alikuwa akizunguka na gari kila alasiri kualika, nyumba hadi nyumba. Na kwa kuwa hawezi kuingia kwa watu akinuka petroli, alikuwa akitia makaa kwenye chetezo, anakisukuma chini ya kiti chake, anatandaza buibui lake juu, anajifukiza mpaka afike.

"Imechomwa kama mshikaki," akasema Kiti.

"Nani atamwambia mama?" akauliza Kingi.

Kiti akakumbuka kwamba kuna spana alikuwa akiitafuta. Mimi nikamtazama mwanangu kifuani, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto anayenyonya wakati mzuri.

Mashangazi walikuwa wameshaanza kutaja gari la kukodi, lenye maua mbele. Kingi akabaki kuwatuliza, nami nikamfunga mtoto kwa leso, nikakikumbatia kile kisanduku, nikakimbilia kwa Latif, auzaye spea zilizotumika kutoka Dubai.

"Assalamu alaikum, Latif bhai."

"Wa alaikumu salaam, dada." Akakipokea, akanusa, nyusi zikampanda. "Hii imetoka kwenye gari ama chumbani kwa biharusi?"

"Kotekote."

Akacheka, akamwita mkewe. Shahnaz akatoka nyuma, akanusa, akafumba macho. "Udi mzuri! Muulize nani aupika."

"Shahnaz, mwenzio ana harusi."

"Ndiyo nauliza."

Latif akaleta visanduku vitatu vilivyofanana kama mapacha. Nikakinyakua cha kwanza. Akanizuia mkono. "Umbo si kitu, dada. Namba."

Karatasi ya namba kwenye kisanduku chetu ilikuwa imepigwa moshi. Nikalowesha ncha ya leso, nikafuta taratibu, nikamsomea. Cha kwanza kikatofautiana herufi ya mwisho.

"Herufi moja tu, Latif bhai. Haisameheki?"

"Hiyo ni ya gari lisilokuwa na klachi. Mukiitia, mutafika ukumbini mwarukaruka kama mbuzi."

Cha pili sicho. Cha tatu nikamsomea polepole, nikiogopa kufika mwisho. Ikalingana.

Niliporudi, gari la maua lilikuwa limeshaingia mtaani. Kiti akatoa waya wa betri, akapachika soketi mpaka ikalia ta, akarudisha waya. Kingi akasema bismillahi, akazungusha ufunguo. Likawaka. Tukangoja lipate moto, tumenyamaza kama watu wanaomsikiliza mgonjwa akipumua. Halikukohoa.

Ndipo Bi Mejumaa akatoka mlangoni, chetezo mkononi, moshi wapanda. "Nipisheni, nimfukizie mwanangu kiti chake."

"La!" tukapiga kelele watu watatu.

Ikabidi aambiwe. Akasikiliza. Akakiokota kile kisanduku kilichoungua, akakinusa.

"Mbona hamukunambia mapema?"

Kiti akainama tena kutafuta spana yake.

"Mwaniogopa?"

"Ndiyo, mama," tukajibu pamoja.

Akaketi barazani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Gari la mume wangu, mimi ndiye nilokuwa nikilichoma kwa manukato! Angekuwapo, angenicheka mpaka alale chini."

Kiti akamnong'oneza Kingi: "Mpaka ukumbini Tononoka usizime. Ni kitu kilichotumika, hatujuani nacho bado."

Kadzo akatolewa, kafunikwa leso, vigelegele kichochoro kizima. Akapanda mbele, mashangazi wakajaa nyuma. Mlango ukaburuzwa, ukafungwa. Halafu tukamsikia:

"Zima."

"Nizime nini?" Kingi akaruka.

"Gari. Ulizime, uliwashe tena."

"Kadzo, mamangu, ukumbi mzima wakungoja!"

"Mimi nilikuwa ndani, sikulisikia likiwaka. Baba alikuwa akiliwasha alfajiri, nami kitandani najua yuko." Sauti ikampungua. "Nataka kulisikia mara moja tu, kabla sijatoka kwenu."

Kiti akajishika kichwa. Kingi akamtazama mama yake. Bi Mejumaa akatikisa kichwa kukubali. Kingi akazima. Mtaa ukanyamaza, hata mashangazi.

Kingi akazungusha ufunguo. Likaguna mara moja, likawaka.

Kadzo akajifunika uso vizuri. "Haya," akasema. "Sasa nipelekeni."