Nani Anaagiza Saruji?

Madi alikuwa mchora ramani za nyumba. Kazi hiyo alijifunzia Majunga, Madagaska, kwa mhandisi mmoja Mmalagasi, kabla Wakomoro wa huko hawajarudishwa visiwani mwaka 1977. Kwa kuwa waliletwa kwa ndege za Sabena, watu wa Moroni waliwaita Wasabena, na jina likawaganda. Madi hakulijali. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, meza ndefu, rula ya mbao, na tabia moja iliyowachosha wateja: hakugusa penseli mpaka aulize maswali.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini aliitwa na Bi Hassanati, mfanyabiashara wa Ntsoudjini. Hassanati na kaka yake wa baba mmoja, Houmadi, walikuwa wamerithi kampuni ya marehemu baba yao. Mzee huyo alikuwa na wake wawili, mmoja kisiwa cha Ngazidja na mmoja kisiwa cha Ndzuani, na kampuni nayo ilisimama kwa miguu hiyo miwili. Hassanati aliendesha ofisi ya Moroni, Ngazidja, akiingiza mchele, mabati na saruji. Houmadi aliendesha tawi la Mutsamudu, Ndzuani, akiuza bidhaa hizo na kununua mafuta ya langilangi ya kupelekwa Ufaransa kwa watengeneza manukato. Ndugu hao waliheshimiana mno, hata hawakuulizana chochote.

"Nataka ghala jipya Mutsamudu," Hassanati alimwambia. "La sasa limejaa mpaka mlangoni. Na bandari mpya inajengwa kule, ikifunguliwa tutazidiwa. Nichoree kubwa, mara mbili ya hilo."

"Limejaa nini?"

"Bidhaa, fundi. Ghala hujaa nini kingine?"

"Bidhaa gani?"

Hassanati alivuta daftari la mizigo, akalirudisha mahali pake. "Nenda ukaone," alisema.

Kabla ya kuondoka, Madi alipita ofisini kwa Hassanati akazungumza na karani, Nafissa, aliyepanga mizigo ya kwenda Ndzuani. Nafissa alimwambia kwamba nafasi kubwa melini hupewa saruji. Madi akauliza ni nani anayeiagiza.

"Mutsamudu," alijibu Nafissa, bila kusita.

Ndege ndogo ilimshusha kwenye uwanja wa Ouani, Ndzuani, akafika Mutsamudu kabla ya adhuhuri. Ghala lilikuwa chini ya mji mkongwe, mahali ambapo vichochoro vinaishia na gari la mizigo linaweza kufika. Mtunza ghala, mwanamke mwenye sauti nzito aitwaye Saandia, alimfungulia mlango. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Mifuko ya saruji ilipanda mpaka darini, na ile ya chini ilikuwa imeganda kuwa mawe yenye umbo la mifuko.

"Na mabati?" Madi aliuliza.

"Hatuna. Wanaoyataka huenda kuyanunua kwa wengine, Mirontsy."

"Nani anaagiza saruji hii yote, dada?"

"Moroni," alisema Saandia, naye bila kusita.

Madi alisisimka kama mtu aliyegonga ukuta akasikia uwazi nyuma yake. Ghala halikuwa dogo. Lilikuwa limejaa kitu ambacho kila upande uliamini kimetakwa na upande wa pili.

Alikwenda kumwona Houmadi. Houmadi alikuwa mtu mzima mwenye kofia iliyotariziwa vizuri na maneno machache. Alimpa mgeni chai, akamsikiliza, kisha akauliza, "Dada yangu amekutuma uchore ghala, au uje kunichunguza?"

"Nachora ghala, bwana. Lakini siwezi kuchora chumba bila kujua nyumba."

"Sina cha kukuambia. Na nakushauri usiulizeulize hovyo mjini. Hujui wakati tulio nao?"

Madi aliujua. Tangu mamluki wa Kizungu waingie mwaka 1978 na kukaa nyuma ya serikali, watu walijifunza kupunguza sauti. Mtu anayeuliza nani huzungumza na nani hakupendwa na yeyote.

Lakini udadisi ulikuwa umemshika. Alikaa kwenye baraza ya nyumba aliyofikia akamkumbuka mhandisi wake wa Majunga. Mhandisi yule hakuchora nyumba mara moja. Karatasi moja ilionyesha nyumba kama mwenyewe anavyoitaka, nyingine kama mwashi atakavyoijenga, nyingine kama seremala atakavyoikuta. Nyumba ni ileile, alisema, na karatasi zisipokubaliana kuna atakayeumia. Je, kampuni haikuwa hivyo?

Akachora safu nne. Ya juu kabisa ilikuwa ya shabaha: kwa nini kampuni ipo. Chini yake kazi: nani ananunua, nani anauza, nani anasafirisha. Chini yake habari: nani anahitaji kujua nini, na anaambiwa na nani. Ya mwisho ikawa ya vyombo: meli, simu, mizani, ghala. Kila kitu akakiwekea kisanduku, na vinavyotegemeana akaviunganisha kwa mishale. Alipomaliza akaona jambo ambalo hakulitarajia. Ghala lilikuwa safu ya chini. Bi Hassanati alitaka kuanza kujenga chini, na juu, penye shabaha, palikuwa patupu.

Kesho yake alishika njia ya Mirontsy kwenda kumwona Anziza, aliyesimamia uchemshaji wa maua ya langilangi, yanakotoka mafuta ya Houmadi. Njiani palikuwa na kizuizi. Askari walipekua mkoba wake, wakaikuta karatasi: majina ya watu, visanduku, mishale kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hawakuuliza zaidi. Walimpeleka kituoni mwao, mbele ya mamluki mwenye gwanda jeusi na macho mekundu kwa jua.

"Mtandao huu ni wa nani?" Mzungu aliuliza kwa Kifaransa.

"Ni kampuni, bwana. Inauza mchele."

"Kampuni gani huchorwa hivi?"

Hata Madi mwenyewe hakuwahi kuona nyingine iliyochorwa hivyo. Mamluki aliweka kidole kwenye jina la Houmadi, akaagiza aitwe.

Houmadi angeweza kusema hamjui mtu huyu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifika amevaa joho lake la Ijumaa, akamtazama Madi, akasema, "Ni mgeni wangu. Anafanya kazi ya familia yetu."

"Basi nieleze. Mshale huu ni nini?"

Houmadi aliinama juu ya karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kampuni ya baba yake yote kwa pamoja, na kwa muda alisahau alipo. "Ni saruji," alisema. "Inatoka Moroni inakuja kwangu."

"Na huu wenye alama ya kuuliza?"

"Ni agizo, bwana," alisema Madi. "Sijui linatoka kwa nani. Ndicho nilichokuwa natafuta."

Mzungu alimgeukia Houmadi. "Nani anaagiza?"

"Dada yangu."

"Dada yako anaamini ni wewe," alisema Madi polepole. "Karani wake ameniambia."

Houmadi alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Basi ni baba," alisema hatimaye. "Alipokuwa anajenga msikiti huku, alimwambia wakala wake kila meli ilete saruji. Msikiti uliisha zamani. Alipofariki, mimi nilidhani Hassanati anaitaka. Niliona si adabu kumuuliza. Kumbe naye alidhani ni mimi."

Mamluki aliwatazama kwa zamu, kama anayetafuta hila. Kisha akacheka. "Mkuu wa mtandao wenu ni maiti," alisema. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Hii inabaki. Nyinyi nendeni."

Walitembea kurudi Mutsamudu mpaka walipoyaona majengo ya mji. Hapo Houmadi aliuliza, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Safu ile ya juu, mbona uliiacha tupu?"

"Kwa sababu haikuwa yangu kuijaza."

Houmadi alimpigia simu dada yake, akamwomba aje. Hassanati alikuja kwa ndege, akiwa na hofu kwamba kuna msiba. Alikuta watu wametoa mifuko ya saruji nje, na ukuta wa ghala umepakwa chokaa. Madi alitaka kuuchora upya mchoro uliochukuliwa, lakini kila alipotia mstari kwa mkaa, mtu alimzuia.

"Si hivyo," alisema Anziza, aliyeitwa kutoka Mirontsy, akafuta kwa kiganja. "Mafuta hayangoji meli. Yanangoja mapipa matupu. Nimeyaomba sana."

"Umemwomba nani?" aliuliza Hassanati.

"Nahodha."

"Nahodha si mtu wetu, hajawahi kuniambia! Mapipa yamejaa uani kwangu Moroni."

Saandia aliunyakua mkaa akachora mshale mpya, mnene, kutoka kwa Anziza hadi Moroni. Madi alirudi nyuma akawatazama. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa nadhifu kuliko huu. Huu ulikuwa na madoa ya viganja kila mahali, nao ulikuwa wa kweli.

Safu ya juu iliwachukua ndugu wawili alasiri nzima. Houmadi alitaka kampuni iwe ya langilangi, iliyobaki iwe nyongeza. Hassanati alisema watu hawali manukato. Walibishana kwa sauti, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, na Saandia aliyekuwa akiogopa ugomvi aliona kwamba wanatabasamu. Mwishowe walikubaliana: mafuta yawe mbele, na meli inayorudi ilete kile tu ambacho Mutsamudu imekitaja kwa simu kila wiki. Saandia ndiye atakayetaja, kwa kuwa ndiye anayewaona wateja wakiondoka mikono mitupu.

Ghala jipya halikujengwa. Nafasi ya saruji melini ilichukuliwa na mabati na mapipa, na mafuta ya Anziza hayakulala tena. Bandari mpya ilipofunguliwa, wafanyabiashara wengine walikimbilia kukodi magodauni. Hassanati na Houmadi walikwenda kwanza kusimama mbele ya ukuta wao, wakatazama ni kisanduku gani kitaguswa, wakaamua la kufanya kabla ya chai kupoa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku Madi alipokuwa akirudi Moroni, Houmadi alimsindikiza mpaka Ouani. Walikaa kwenye benchi wakingoja ndege.

"Fundi," alisema Houmadi, "hivi kwa nini tunamuuzia mafuta mnunuzi mmoja tu?"

"Sijui, bwana. Nani aliamua?"

Ndege ilikuwa tayari inashuka, watu wakainuka na mizigo yao, lakini Houmadi aliendelea kukaa, mkono kidevuni, akichora kisanduku na mshale mavumbini kwa ncha ya kiatu.