Damu ya Minana

Jalila alimwokota ndege yule asubuhi, chini ya mnazi ulio nyuma ya nyumba yao, Timbwani. Alikuwa mnana, wale wa manjano wanaofuma viota kwenye makuti. Alikuwa hai bado, ila manyoya yamemsimama na kichwa kinalegea. Jalila alipomnywesha maji, ndege akamdonoa kidole mpaka damu ikatoka, kisha akafia mkononi mwake.

Hakulitia maanani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi saba, na mambo ya kufikiria yalikuwa mengi.

Aliyemtia hofu ni Dorothy, mtafiti wa ndege. Mwanatatu, mamamkwe wa Jalila, alikuwa amemruhusu atege nyavu uani, awatoe minana tone la damu na kuwaachilia. Siku aliyorudi na majibu alikuwa mbioni kuiwahi feri.

"Shikamoo, mama. Ndege wenu wana malaria," alisema mlangoni. "Wengi wao."

"Marahaba. Malaria? Ndege?"

"Ndiyo, mama. Nitakuja tena niwaeleze vizuri."

Akaenda zake. Jalila alikuwa nyuma ya pazia, amekishika kile kidole.

Jioni alimweleza mumewe, Hashim. Kesho yake Hashim alipanda mnazi na panga, akaviangusha viota vyote. Makinda walilia mchangani.

"Wallahi, Hashim, umefanya nini?" Mwanatatu akauliza.

"Niache, mama. Mke wangu amedonolewa."

Siku chache baadaye, jua la mchana likiwaka, Jalila alianza kutetemeka kwa baridi. Hakumwambia mtu. Hospitali gani ina dawa ya ugonjwa wa ndege? Aliogopa kwenda kuambiwa kuwa hakuna la kufanya, yeye na aliyemo tumboni. Akavaa sweta, akaendelea kupika, na kila alipoulizwa akasema ni uchovu tu.

Mpaka siku moja Mwanatatu alipomwita asisikie "abee". Alimkuta sakafuni jikoni, mwili unachoma.

"Mama," Jalila alinong'ona, "mtoto hachezi."

Zahanati haikuwa mbali, lakini njia nzima Hashim alimbeba kama anayebeba maiti. Daktari Oduor alimchoma kidole, akapima.

"Ni malaria."

"Ni ya ndege!" Jalila akapiga kelele. "Mwanangu atakufa, ni ya ndege!"

Oduor hakuelewa. Mwanatatu alimweleza huku akilia, kisha akampigia simu Dorothy, akaiweka sauti isikike na wote.

"Dada Jalila, nisikilize. Vimelea vya malaria ile ni vya ndege tu. Katika damu ya mtu haviishi. Wala haviambukizwi kwa kudonolewa, huletwa na mbu. Laiti ningalikaa siku ile nikakwambia. Nisamehe."

"Hii yako ni ya watu," Oduor akasema. "Ni mbu tu aliyekuuma, na dawa ipo. Lakini homa ilianza lini?"

Jalila alijifunika uso kwa mtandio. Hashim aligeukia ukuta.

Oduor alitundika dripu, kisha akachukua kimashine cha kusikiliza mapigo ya mtoto. Alikipitisha upande huu wa tumbo, akakipitisha ule. Kilikwaruza tu. Akapaka mafuta tena, akabonyeza chini zaidi. Mwanatatu alikuwa akisoma dua midomo ikimcheza. Jalila alimtazama daktari usoni, akaona jasho.

Ghafla ikasikika: tu-tu-tu-tu, upesi upesi.

"Huyo," Oduor akasema, akashusha pumzi.

Jalila hakuamini mpaka aliposikia teke, dogo, chini ya mbavu.

Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, mwepesi mno. Alikaa hospitalini mpaka alipoweza kunyonya mwenyewe. Mkunga alipomuuliza kwa nini alichelewa kutibiwa homa ile, Jalila alimfunika mtoto vizuri kwanza.

"Niliogopa," akasema.