Uso Ambao Sikuutazama

…kwa hiyo arubaini na tano, labda kwenye arubaini na tano ndipo alipo, maana nikiipa mashine hii ya kutengenezea picha uhuru wa asilimia ishirini inaing'ang'ania picha kama ilivyo na kunirudishia ukungu uleule, na nikiipa sabini inajifanyia itakavyo, inanitolea mzee mtanashati mwenye ndevu nyeupe, milima ya theluji nyuma yake na ndege tai ametua mkononi, eti kwa sababu niliandika mzee wa Kikirigizi, kana kwamba wazee wote wa hapa Naryn wanashinda milimani na tai, baba mkwe alikuwa mchochea makaa wa tanuri la shule, tai alimwona kwenye kalenda, basi nikaingia kwenye kisanduku cha makatazo nikaandika bila ndevu, bila tai, bila milima, bila kofia, na mama mkwe aliyeketi hapa ubavuni mwangu, aliyeniomba nimsomee kila neno ninaloandika, akanishika mkono, "Kofia mwachie, mwanangu, mwanamume wa watu atakaaje juu ya kaburi lake kichwa wazi," nikayafuta yale maneno bila kofia, na kofia ndiyo iliyotuponza tangu mwanzo, hiyo kofia ndefu nyeupe ya sufu, kwa sababu picha pekee tuliyo nayo ni ya wafanyakazi wa shule wamejipanga ngazini, yeye amesimama nyuma kabisa kama kawaida yake, uso wake ni mdogo kama punje ya dengu, na nusu ya punje hiyo imemezwa na kivuli cha ukingo wa kofia, kitambulisho kilichukuliwa ofisini tulipoandikisha kifo na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kukipiga picha kwanza, hakuna, hata mimi ninayeishi kwa picha, na karamu ya kutimiza mwaka tangu afe inakaribia, jiwe lazima liwe limesimama kabla watu hawajaja kula, jiwe jeusi lenye uso wake, na uso ukishachorwa juu ya jiwe haufutiki, "Nurzada," sauti ya Zamirbek huyo kutoka uani, bwana wa karakana, yeye anachora mawe na mimi natengeneza nyuso, "unapika uso au unapika nyama? Jiwe linanisubiri," "Naja, kaka," "Umesema naja tangu asubuhi, mzee mwenyewe hakuwa na madaha hivyo," na mama mkwe anacheka kidogo, kicheko kinachoishia puani, naye anasubiri, chai yake imepoa hajaigusa, macho yake yameelekea kwenye kioo cha kompyuta lakini mtoto wa jicho amemfunika yote mawili, anaona mwanga tu, na umbo, ndiyo sababu amekuja kukaa karibu yangu, ili mimi nimwonee… watu wote walisema tuna bahati, mtengeneza picha ni mkaza mwana wa nyumba hiyohiyo, aliyempa mzee chai asubuhi na jioni tangu alipoletwa bibi arusi, nani amjue kuliko huyo, nami niliitikia ndiyo, ndiyo, ningesema nini, ningesimama mbele za watu niseme sikuwahi kumtazama, mkaza mwana gani anamtazama baba mkwe usoni, siku ya kwanza tu nilivyoingia nimefunikwa kitambaa cheupe shangazi wa mume aliniminya kiuno akaninong'oneza, "Inama, na macho yako yabaki palepale," yakabaki palepale, miaka yote ile yakabaki palepale, hata jina lake silitamki mpaka leo, jina la kuandikwa kwenye jiwe amelitaja mama mkwe mwenyewe na Zamirbek akaliandika mimi nikiwa nimetazama dirishani… kwa hiyo mimi namjua baba mkwe kuanzia kidevuni kwenda chini, huko hakuna atakayenishinda, naijua ile mikunjo miwili ya shingo iliyokaa masizi hata baada ya kuoga, najua kifungo cha pili cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa bluu, na kidole gumba chenye ukucha uliopasuka, na jinsi alivyokifunika kikombe kwa kiganja akishashiba chai, bila neno, ili nisisumbuke kummiminia tena, mashine ikiniuliza hayo nitaijibu mpaka ichoke, lakini mashine inataka uso, na juu ya kidevu ninachojua ni sauti tu, sauti ya kukohoa mlangoni kabla hajaingia ili nipate kujifunga kitambaa vizuri, na sauti haina pua… niliwauliza walimu waliosimama naye pale ngazini, mmoja akasema pua pana, mwingine nyembamba, wa tatu akasema alikuwa mtu mpole sana, nikamshukuru, nikaandika mpole, mashine ikampa macho ya kusinzia… na asubuhi nilimtumia mume wangu picha mbili, Kubat yuko Urusi kwenye ujenzi, alikwenda mwaka uleule tuliooana, akawa anarudi kama mgeni, picha moja ya arubaini na tano na nyingine ya sabini, watu wawili ambao hata undugu hawana, akanijibu kwa sauti, upepo unavuma nyuma yake, "Ndiye huyo, umempatia kabisa," nikasikiliza ujumbe wa pili, "Hata hii ndiye, chagua wewe, mimi niko juu huku mikono inaganda," na nilikasirika, nilikasirika kweli, mtoto wa kiume aliyekuwa na ruhusa ya kumtazama baba yake mchana kutwa na hakuitumia, mimi nisiyekuwa nayo nimeachiwa kazi… bofya, mashine inaanza tena, mstari unajaa polepole, namba ya mbegu nimeishikilia ileile, maana ukiishika mbegu sura inatulia, unaweza kumnyoosha nyusi au kumwongezea mikunjo naye akabaki mtu yuleyule, ukiiachia tu anazaliwa mwingine, na mwingine, na hakuna hata mmoja atakayekwambia mimi siye… na msibani je, tulikalishwa wanawake ndani ya hema la sufu, mikono tumeiweka mapajani na nyuso tumezielekeza ukutani, migongo kwa watu, ndivyo tunavyowalilia wetu, na zamu ya mkaza mwana ilipofika sauti yangu ilitoka kubwa nikashangaa mwenyewe, nikamsifu baba mkwe kwa maneno tuliyofundishwa, paji lako lililong'aa, macho yako yaliyotuangazia nyumba, wanawake wakasema binti huyu anajua kulia, na mimi nilikuwa naulilia uso nisioujua, naye amelala nyuma yangu, nyuma ya pazia tu, kwa mara ya kwanza hakuwa na macho ya kunirudishia aibu, na bado nilitazama ukuta… mstari umejaa, nyuso nne zimetokea, zote zina kofia, hazina ndevu wala tai, "Zimetoka?" mama mkwe ameusikia mlio, "Zimetoka, mama," "Yumo?" na ananisogelea hadi bega lake linaegemea langu, namsikia anavyopumua, "Niambie tu yumo, mwanangu, mimi nikifumba macho namwona kijana, anacheka, ana nywele nyingi, yule wa uzeeni simpati, macho yaliniacha kabla yake, nilikuwa nakutegemea wewe," na sasa naelewa kwamba hakuja kunihakikishia, amekuja kupewa uso, nikisema wa tatu basi ni wa tatu, usiku wa leo atamfikiria wa tatu, Kubat atasema ndiye, walimu watasema ndiye, wajukuu watamwombea dua mtu aliyezaliwa kwenye namba ya mbegu, na hakuna duniani atakayenibishia, hilo ndilo linalonitia baridi, nilidhani naogopa kukosea, kumbe siwezi kukosea, ameshakwisha, amekwisha mahali pote, na mimi namtaka, namtaka baba mkwe mwenyewe, si kwa ajili ya jiwe, nataka nimtazame mara moja tu, mtu aliyenifunikia kikombe nipumzike, na machozi haya siyo ya kufundishwa, yanakuja bila paji la kung'aa wala macho ya kuangaza, "Nurzada, jiwe," "Naja, kaka," basi mtazame huyu wa tatu, nyanyua macho umtazame kama mtu, yuko pale kwenye kioo, ananitazama sawasawa, na macho yangu yanaanguka, yenyewe, hadi kidevuni, moyo unanidunda nasema ndiye, mwili umemjua, ndiye, kisha najaribu wa kwanza, yanaanguka, wa pili, wa nne, yanaanguka kwa kila mmoja wao vilevile, na bega la mama mkwe bado liko juu ya langu, "Ni yeye, mwanangu?"