Meno Mapana ya Clifford

Meno mapana ya mashine ya kupandia hayakuufaa udongo wa Clifford Thirkell, na mvua ilitarajiwa kesho yake. Kila jino lilifukua mabonge ya udongo wa mfinyanzi makubwa kama mikate, na mbegu za ngano zikabaki juu zikitazama mbingu. Mkewe, Enid, alikuwa amemwambia anunue membamba, yanayochana shamba lisilolimwa bila kulivuruga. Yeye akanunua mapana kwa sababu jirani yake Horace anayo. Horace ana udongo wa kichanga.

Tena alianzia shamba lililo mkabala na baa, ili watu waone.

Wakaona. Horace alisimama kando ya ua, bia mkononi.

“Jirani, unapanda ngano au unachimba viazi?”

“Nalegeza udongo.”

“Sawa. Njiwa wameshakaa mezani.”

Enid akaja na spana, na meno membamba yakiwa garini.

“Shuka, mzee, tuyabadilishe.”

“Uliyanunua lini haya?”

“Siku ile uliponiambia mambo ya mashine hayanihusu.”

Walimaliza kupanda kabla ya mvua. Clifford alipata hasara ya meno mapana ishirini na manne, magunia mawili ya mbegu, na bia sita alizomnunulia Horace ili anyamaze. Horace alizinywa zote, kisha akaisimulia baa nzima kisa chote.