Fomu za Redio

Mtaani walimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyompita. Watafiti wa afya walipompa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana presha, aliona ni kumsukuma mlevi. Nyumba ishirini za mtaani kwao hata hakuzibishia hodi. Alikaa kibarazani kwa shoga yake, soga limekolea, akajaza fomu kwa kichwa: huyu mzima, yule mzima.

Leo daktari wa utafiti huo aliwasomea wakazi matokeo ukumbini. Kliniki ya presha ingefunguliwa mtaa wa pili, maana kwao hakukuwa na mgonjwa hata mmoja.

“Hata mmoja?” Shangazi yake Redio, mshona nguo, aliinuka taratibu. “Mimi nameza vidonge mwaka wa tatu huu. Nawaficha, mtaa huu una midomo. Lakini ningeulizwa kwa karatasi, ningesema.”

“Kwani hukuulizwa, mama?” daktari akashangaa.

“Hata mimi sikuulizwa,” fundi viatu akadakia. “Labda Redio iliisha betri.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi peke yake hakucheka.

Redio akasimama. “Daktari, zile fomu nilizijaza mwenyewe bila kuuliza mtu. Msiwanyime kliniki kwa kosa langu. Nipeni nyingine, nianze leo, nimuulize kila mtu.”

Daktari akawageukia wakazi. Shangazi ndiye aliyejibu, tena kwa upole, na upole huo ukamchoma Redio kuliko kile kicheko.

“Waulize tena, daktari. Ila mpe mwingine karatasi. Huyu ni mwanangu, nampenda, lakini siri ya ugonjwa simkabidhi tena.”