Enta Mbili

Watu wa kaunta walikuwa na utani wao kwamba Fundi ameolewa mara mbili: na mumewe, na ile programu. Utani wenyewe ulikuwa unauma. Mume alihamishiwa kazi mji mwingine, akaenda na watoto, na Fundi akabaki na programu kwa sababu haikuwa na mtu mwingine hapa duniani.

Aliiandika mwenyewe alipokuwa bado msichana, kampuni ikiwa duka moja tu la vifaa vya ujenzi. Sasa kampuni ilikuwa na matawi kila upande, lakini kila mfuko wa saruji na kila kigae kilichotoka stoo bado kilipitia kwenye skrini ile ile ya kijivu, yenye vitufe vya kijivu na herufi za kukodolea macho. Ndani yake mlikuwa na viraka juu ya viraka. Wataalamu waliowahi kuitwa wasaidie waliifungua, wakachungulia, wakaaga kwa adabu. Na kila Fundi alipoomba ahamishiwe tawi la mji aliko mumewe, Meneja alimjibu kwa upole wa kukera.

“Sasa ukiondoka wewe, huyu mtoto wako atalelewa na nani?”

Mtoto aliyemsema ni programu. Wale wa kuzaliwa alikuwa amewasahau, au alijifanya. Na kuacha kazi hakukuwezekana, maana mshahara wa mume ulikuwa unaishia kwenye kodi ya nyumba na ada za shule.

Mlango ulifunguka siku alipokuja mkubwa kutoka makao makuu. Mkubwa alisimama nyuma ya kaunta, akaitazama skrini, akauliza kama mashine imeharibika. Alipoambiwa ndivyo programu ilivyo, akacheka, na cheko lile lilimchoma Meneja mpaka kwenye mifupa. Kabla ya gari la mgeni kutoka getini, Fundi alikuwa ameshaitwa.

“Nataka kitu cha kisasa,” Meneja akasema. “Rangi, vitufe vizuri, mambo ya leo. Hata kesho.”

“Kesho haiwezekani,” Fundi akajibu. “Niache niifumue yote, nje na ndani. Niiandike upya hivi kwamba yeyote aliyesomea kazi hii anaweza kuishika. Nikimaliza, unaajiri mtu, namkabidhi, na mimi unanihamisha.”

Meneja alikubali, tena mbele ya mhasibu, akampa na mkono.

Fundi akajifungia. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya sampuli, hakina dirisha, ukutani bado kuna vigae vya mfano vilivyobandikwa bila mpangilio, cha bafuni kando ya cha jikoni, na feni inayozungusha joto lile lile. Mule ndani alifanya kazi kama mtu anayechimba ukuta wa jela kwa kijiko. Kiraka kimoja kimoja alikifumua. Aliweka vitufe vyenye pembe laini, menyu zenye picha ndogo ndogo, majedwali yanayojipanga yenyewe ukigusa kichwa cha safu. Aliweka mionekano ya kuchagua: mweupe, mweusi kwa wenye macho yanayouma, na wa buluu ya kampuni kwa ajili ya kumfurahisha Meneja. Mchana, simu ya mume ilipoingia, alikuwa anaongea huku anatafuna mkate. “Mwambie wifi avumilie kidogo,” alikuwa akisema, maana aliyekuwa akiwalea watoto kule ni dada wa mumewe. “Nakaribia.”

Mtu akaajiriwa. Alikuwa mwanamume wa maneno machache aliyesomea kazi yake, na watu wa kaunta, ambao hawakawii, wakambandika jina la Mrithi. Mrithi alikaa na maandishi mapya ya Fundi, akayasoma taratibu, mwisho akavua miwani.

“Hii naiweza, dada,” akasema. “Imenyooka.”

Fundi nusura amkumbatie.

Kati ya vitu alivyovitupa kwa furaha ni kijisanduku kimoja cha kipuuzi. Katika programu ya zamani, karani akishabonyeza Enta kuhifadhi oda, kijisanduku kiliruka katikati ya skrini: “Subiri. Stoo inasomwa.” Enzi zile mashine zilikuwa nzito na ilibidi kungoja kweli. Mashine zikabadilika, kijisanduku kikabaki, na hakuna aliyekisoma tena. Vidole vilikuwa vinapiga Enta ya pili kukifukuza, basi. Taa-taa. Ukipita kaunta saa za kazi, ndiyo sauti uliyoisikia kutwa: taa-taa, taa-taa. Katika programu mpya, Enta moja ilitosha. Chini ya skrini kilitokea kimstari cha kijani kusema oda imehifadhiwa, kisha kikafifia kwa madaha, na kitufe kilichokuwa tayari kubonyezwa baada ya hapo kiliitwa “Rudia Oda”. Hicho Fundi alikibuni kwa ajili ya wateja wanaonunua kitu kile kile kila wiki. Alikuwa anajivunia kitufe hicho.

Asubuhi ya kuizindua, makarani walipiga makofi.

“Hee! Imependeza kama inakwenda kuposwa,” akasema Mama Kaunta.

Mama Kaunta alikuwa karani wa siku nyingi kuliko wote. Alimpokea Fundi siku yake ya kwanza kazini, akamwonyesha choo kizuri ni kipi na bosi wa kumwogopa ni yupi. Sifa yake ilikuwa moja: alimtazama mteja usoni, akaongea naye habari za nyumbani, na vidole vikaandika vyenyewe huko chini. Skrini hakuwa na haja nayo.

Kufika mchana mambo yalikuwa yamekwenda mrama. Aliyeagiza sinki moja alipelekewa mbili. Aliyetaka mlango mmoja alipigiwa simu aje achukue wa pili. Watu walicheka kwanza. Halafu ikajulikana kwamba oda ya shule moja, lori zima la saruji, nayo ilikuwa imekwenda mara mbili. Lori la pili lilikuta geti limefungwa, dereva akapanga mifuko nje ya ukuta akaondoka, na mvua ikanyesha. Oda ile iliandikwa na Mama Kaunta.

Fundi alitoka chumbani kwake mbio, akasimama kaunta, akasikia. Taa-taa. Enta ya kwanza ilikuwa inahifadhi oda, ya pili inairudia.

Akakiondoa kitufe pale palepale. Haikusaidia: Enta ya pili sasa ilihifadhi oda ile ile upya. Na waliokikosa kijisanduku chao wakaona oda haijaingia, wakaiandika tena.

“Wape muda, dada,” Mrithi akamwambia. “Vidole vitajifunza.”

Na alisema kweli. Wengine walianza kujifunza, mmoja mmoja, kwa kulalamika. Aliyeshindwa ni Mama Kaunta. Alibandika karatasi juu ya skrini yake, ENTA MOJA kwa herufi kubwa, lakini yeye na skrini walikuwa hawatazamani tangu zamani.

Meneja akawaita Fundi na Mama Kaunta. Hawakukaribishwa viti.

“Makao makuu wanauliza habari za saruji,” akasema. “Mwonekano mpya wameupenda sana, huo hauondoki. Sasa nina njia mbili. Ama nitafute karani anayeweza kitu cha kisasa, mama akapumzike nyumbani. Ama wewe Fundi uirudishe ile ya zamani ndani, yote kama ilivyokuwa, hizi rangi zikae juu; kurekebisha-rekebisha hii mpya sitaki kusikia tena. Chagua wewe. Ni mtoto wako.”

Nyumbani Mama Kaunta alikuwa na wajukuu walioachwa mikononi mwake, na Meneja alijua hilo, na ndiyo maana alilisema jambo lile mbele yake. Wapo watu wanaokupa nafasi ya kuchagua ili lawama ziwe zako.

Baadaye Mama Kaunta akagonga mlango wa chumba cha vigae.

“Mwanangu, wewe nenda kwa watoto wako,” akasema akiwa bado amesimama. “Mimi nitaweza. Nimekuwa nafanya mazoezi. Hebu nipishe hapo nikuonyeshe.”

Fundi akampisha. Mama Kaunta akakaa, akakunja mikono ya blauzi, akavuta pumzi kama anayetaka kuingia kwenye maji baridi. Akaandika oda ya mfano: misumari, rangi, brashi. Midomo ilikuwa inacheza, “Moja, moja, moja.” Kisha akabonyeza.

Taa-taa.

Wote wawili wakabaki wanakitazama kidole kile. Mama Kaunta akakifunga ndani ya ngumi, akacheka kidogo, na machozi yakamtoka.

Hasira zilimpanda Fundi mpaka masikio yakawaka. Hakujua amkasirikie nani. Kidole kile alikifundisha yeye, miaka yote, oda baada ya oda, kwa kijisanduku alichokuwa mvivu wa kukiondoa. Aliwaona watoto wake, akamwona na huyu mama, na hapakuwa na nafasi ya wote. Mume alikuwa na mshahara, watoto walikuwa wanakula. Aliyashika hayo kwa sababu alihitaji kitu cha kushika.

“Usilie, mama,” akasema. “Nitairudisha.”

Akairudisha. Programu ya zamani, na viraka vyake vyote, ikaingizwa ndani ya nguo mpya. Mrithi alipofungua akaona kilichofanyika, akavua miwani tena.

“Hapa sasa, dada, mimi sipawezi,” akasema bila ubaya. “Ndani hapa utapajua wewe peke yako.” Akampa mkono, na mwezi haukuisha akawa amepata kazi kwingine.

Taa-taa ikarudi kaunta, safari hii juu ya skrini ya buluu. Meneja aliwakusanya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba makao makuu wameipenda mno na sasa itapelekwa kila tawi. “Bila huyu dada hakuna programu,” akasema, na watu wakapiga makofi. Mama Kaunta alipiga huku ameinamisha macho. Tangu hapo alikuwa akimletea Fundi chai kila asubuhi, anaweka kikombe, anaondoka bila utani wowote.

Mchana wa siku ya tangazo lile Fundi alimpigia mumewe. Alimweleza yote bila kuzunguka, na mume akasikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

“Kwa hiyo nimwambie dada yangu arudishe ufunguo wa kile chumba alichopanga ili ahamie ukifika?” akauliza. “Maana alikuwa bado anakilipia, akijua unakuja.”

Kule nyuma ya mume zikasikika sahani, maji ya bomba, na sauti ya binti yake mdogo ikiita kutoka chumba kingine.

“Mama! Mama, njoo!”

“Naam, mwanangu!” Fundi akaitika kwa nguvu, amesimama, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. “Niko hapa!”

“Nakuja, mama,” sauti ya wifi yake ikajibu kule. “Ngoja nifute mikono.”

Miguu midogo ikasikika ikikimbilia jikoni. Mume akakohoa, akasema watoto ndivyo walivyo, wanazoea tu.